Mashine Iliyodhani Bado Iko Baharini

Mashine ya kufulia ya Mama Tepaeru ilikuwa inatembea. Sisemi ilikuwa inatikisika, maana kutikisika hata mlango hutikisika. Nasema ilikuwa inatembea. Ikishafua, ikishasuuza, ikifika pale pa kuzungusha nguo kwa kasi ili izikamue, huanza kwa kunguruma taratibu kama mtu anayelitafuta neno lililomponyoka. Kisha hujipigapiga mbavu. Kisha hunyanyua mguu. Mguu huu, mguu ule. Hatua zake zilikuwa fupi, za mtu mzima mwenye heshima zake, na siku zote zilielekea upande mmoja: kwenye ukingo wa baraza, na chini ya ukingo ule, umbali wa mkeka mmoja tu, kwenye kaburi la Teokotai, mumewe.

Mama Tepaeru hakuogopa. Alikuwa anaketi pale pale juu ya zege la kaburi, kwenye kivuli cha mti wa maua meupe wa tiare, kofia yake ya ukindu kichwani, akitunga uzini vikonokono vidogo vya manjano ambavyo watu wa kisiwa chetu cha Mangaia huviokota juu ya miamba baada ya mvua. Vidole vyake bado vilikuwa vinaiona sindano. Kukamua nguo nzito ndiko mikono ilikokataa.

"Polepole, mzee," alikuwa akisema bila kuinua macho. "Nilishakusikia."

Naomba mnielewe. Mama huyu hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mwanamke wa Tamarua, kijiji ambacho ukipiga chafya upande mmoja, upande wa pili wanakuombea afya. Maisha yake yote alifua. Alifua nguo nyeupe za wanakwaya zikang'aa hadi mchungaji akalalamika kwamba watu wanatazama makoti badala ya kusikiliza mahubiri. Alishona pia. Alishona tivaevae, yale matandiko makubwa ya maua yanayoshonwa kwa mkono mwezi hadi mwezi, ambayo mtu huzaliwa akayakuta, akaolewa nayo, na mwisho akafunikwa nayo.

Na Teokotai naye alikuwa mtu wa kelele. Ndiye aliyepiga ile ngoma kubwa ya kijiji siku za michezo, na hakuwahi kuufungua mlango bila kuugonga ukutani. Alipolala kitandani mara ya mwisho, pumzi zimemwishia lakini mzaha haujamwishia, alimshika mkewe mkono.

"Sitakuja kimyakimya, Tepaeru," alimwambia. "Ukisikia kishindo barazani, ujue ni mimi nimekufuata."

Tepaeru akamzika. Alimfunika kwa tivaevae moja kati ya mbili alizozishona kwa kitambaa kimoja, buluu kwa nyeupe, moja ya mume na moja ya mke. Ya pili akaikunja akaiweka. Nyumba ikawa kimya, kimya cha kusikia majani ya magimbi yakidondosha umande shambani.

Ndipo ikaja mashine. Ilitoka ng'ambo, Auckland, kwa binti yao Moeroa, nayo ilikuja na tumbo limejaa: nyama ya kopo, majora ya vitambaa, viatu vya kanisani, peremende za watoto wa jirani. Kwetu hakuna anayetuma chombo kitupu. Shemeji yake Nooroa, mdogo wake Teokotai, ndiye aliyeipokea melini, akaileta kwa gari lake la mizigo, akaisimamisha barazani. Kitabu cha maelezo kilikuwa kimelowa maji ya chumvi, kimegeuka uji, na wala hakuna aliyekililia. Siku ya kwanza ya kufua, mashine ilipofika kwenye kukamua, kilipigwa kishindo hadi kuku wakaruka ukuta.

Mama Tepaeru aliweka chini sindano yake. Akatazama mashine, akatazama ilikoelekea. Akatabasamu tabasamu ambalo halikuwa limeonekana tangu mazishi.

Tangu siku ile, kila baada ya kufua, hakuirudisha mashine hadi ukutani. Aliisogeza kidogo tu, kama unavyomwachia mtu nafasi ya kuona haya. Mwenyewe alijiwekea moyoni kwamba siku mashine itakapofika ukingoni, ndiyo siku yake ya kumfuata mumewe. Akaanza kujitayarisha bila haraka. Sufuria nzuri alimpa mke wa mchungaji. Cherehani aliwapa akina mama wa kanisa. Na tivaevae zake, moja moja, akazikunja, akazibusu, akazigawa.

Ya zambarau ilimwendea Mama Kura, jirani. Mama Kura aliipokea, akashukuru, akafunga mlango, halafu akatoka kwa mlango wa nyuma na kwenda mbio hadi kwenye shamba la magimbi la Nooroa.

"Nooroa! Toka topeni huko! Shemeji yako amenipa ile ya zambarau!"

Nooroa alisimama, matope hadi magotini. "Si vizuri? Umeitamani tangu mumeo yuko hai."

"Nimeitamani, ndiyo! Utamu wake ulikuwa kuitamani! Kila nikipita naiona kambani, roho inaniuma, nafika nyumbani nimechangamka. Leo kanipa bure, kanikunjia, kanibusu shavuni. Mtu mwenye akili zake anampa adui yake tivaevae?"

"Kwani nyie ni maadui?"

"Tangu shule ya Jumapili! Sasa akiondoka mimi nitabaki kugombana na nani? Na wewe? Wewe hata kugombana hujui."

Nooroa hakucheka. Alinawa miguu mferejini, akachukua mfuko wake wa spana, akaondoka.

Alimkuta shemeji yake barazani, anaitia tivaevae ya buluu kwenye mashine. Ile ya mwisho.

"Hodi hapa."

"Karibu, mume wangu wa akiba. Ukae."

"Nasikia unatugawia urithi, na marehemu mwenyewe bado anakula magimbi."

"Kura huyo. Kinywa chake kingekuwa mtungi, kijiji kisingekosa maji." Alifunga mlango wa mashine, akabonyeza. Maji yakaanza kuingia. "Sikufichi, shemeji. Tazama ule waya wa umeme ulivyovutika. Leo inafika ukingoni. Kaka yako ananiita, na mimi nimechoka kumjibu 'bado'. Ndiyo maana naifua hii. Nataka iwe safi."

Nooroa alikaa juu ya ngazi. Unamwambiaje mtu asiende, wakati uso wake umenawiri kama wa msichana anayesubiri kuchukuliwa kwenda kwenye ngoma? Jua lilikuwa limelala juu ya zege. Povu lilizunguka kwenye kioo cha mashine, buluu na nyeupe, nyeupe na buluu, polepole, na wote wawili wakalitazama kama watu wanaotazama mawingu. Maji machafu yakatoka kwenye mpira, yakatambaa juu ya saruji, yakadondoka ukingoni kwenye shina la tiare. Harufu ya sabuni ikachanganyika na harufu ya maua.

Halafu mashine ikalitafuta lile neno lake.

Ilinguruma. Ikajipiga mbavu. Ikanyanyua mguu. Leo, kwa ule mzigo mzito, haikutembea, ilirukaruka. Nooroa alitupa mfuko akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Sh-sh-she-me-ji! Z-z-zima!"

"Muache kaka yako apite!"

"N-n-nitang'oka m-m-meno!"

Mama Tepaeru alishika kiuno. "Miaka yote unalia huna wa kukumbatia!"

Mume wa akiba alinyoosha mguu, akaunasa waya kwa kidole gumba, akauchomoa. Kimya kikaanguka. Mashine ilikuwa imebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni.

Mama Tepaeru hakuwa anacheka tena. "Umemfungia kaka yako mlango," alisema taratibu.

"Kaka yangu namjua," Nooroa alijibu, anahema. "Angetaka kuja angekuja kwa miguu, aulize chakula kiko wapi. Shemeji, niache niitazame. Nisipoona sababu, nitakubali ni yeye, na sitakusumbua. Nikiiona je?"

"Ukiona sababu, basi sababu hiyo ndiyo yeye."

"Haya. Nakubali hivyo hivyo."

Alizunguka nyuma ya mashine. Akapiga magoti. Akanyamaza. Kunyamaza kwa fundi mnakujua: kuna kwa kufikiri na kuna kwa aibu. Huku kulikuwa kwa aina ya pili.

"Shemeji..."

"Sema."

"Unakumbuka siku niliyoileta? Nilikuta bolti nene huku mgongoni, baadhi zimelegea."

"Nakumbuka. Ukazikaza kwa spana, ukajipiga kifua, ukasema sasa hata kimbunga hakiing'oi."

"Hizi si bolti za mashine. Ni za safari." Alijikuna kichwa. "Lile pipa la ndani linaning'inia kwenye springi. Linatakiwa licheze, kama mtoto kwenye bembea. Sasa wakiisafirisha, wanalibana kwa bolti hizi lisigongwegongwe na mawimbi. Ukifika, unazitoa. Mimi nimezikaza. Pipa likitaka kucheza haliwezi, basi linacheza na mashine nzima, na baraza, na kuku."

Mama Tepaeru alisogea, akaweka kiganja juu ya bati la mashine, pale lilipokuwa bado na joto.

"Kwa hiyo siku zote hizi," alisema, "imedhani bado iko baharini."

"Ndiyo."

"Maskini. Na hakuna aliyeiambia kwamba imefika."

Hakumwambia azitoe. Hakumkataza pia. Nooroa alizitoa moja moja, akamwekea mkononi. Zilikuwa nzito, za baridi, na zilinukia mafuta na meli. Akairudisha mashine kwenye umeme na kuiacha iendelee.

Ikazunguka. Kile kishindo cha kuruka ukuta hakikuwepo tena. Lakini ilipopanda kasi ilitetema, ikagonga upande mmoja, du, du, du, na mbele ya macho yao ikapiga hatua moja ndogo, ya adabu kabisa, kuelekea kaburini.

"Unaona!" Macho ya Mama Tepaeru yaliwaka. "Umetoa vyuma vyako vyote, na bado anakuja njia ile ile. Kwa nini isiende jikoni? Kwa nini isiende kwa Kura?"

Nooroa aliizima tena. Swali lilikuwa la haki. Alichukua chupa, akaitia maji akabakiza nafasi, akaifunga, akailaza sakafuni. Pima maji ya maskini hiyo. Kile kipovu cha hewa kilikimbilia upande wa ukuta, na chupa yenyewe ikabingirika pole pole hadi ukingoni, ikatumbukia kwenye tiare.

Nooroa aliitazama ilipolala. Akamtazama shemeji yake. Akavua kofia.

"Hili nilipaswa kulikumbuka," alisema. "Baraza hii alipoimwaga kaka, aliyekoroga saruji ni mimi. Nilimwambia, kaka, umepotoka, imeinama. Akaniambia, nyamaza, nimeinamisha makusudi. 'Mke wangu anafua kila siku ya Mungu. Miguu yake haikauki, usiku vidole vinamuuma, anadhani sisikii. Nataka maji yakimwagika yaende yenyewe kwenye lile tiare, yeye asimame pakavu.' Ndivyo alivyosema. Na kule maji yalikokwenda, ndiko alikotaka alazwe, maana ndiko kwenye maua."

Upepo ulipita juu ya mti. Ua moja la tiare lilidondoka juu ya zege bila sauti.

Mama Tepaeru alikaa chini barazani, pale pale, miguu ameinyoosha kama mtoto. Alikuwa anaiona siku ile. Teokotai magotini na mwiko wake, shati limemganda mgongoni, anaimba vibaya, anapitisha mwiko juu ya saruji mbichi mara baada ya mara, na yeye dirishani anamcheka kwamba atamaliza mwaka kwenye sakafu ya hatua sita. Hakumwambia kwa nini. Mtu wa kelele zote zile, na hilo moja akalifanya kimya.

"Kumbe alikuwa haniiti," alisema mwishowe.

"Hapana."

"Alikuwa anaondoa maji miguuni pangu."

"Ndiyo."

"Mtu huyu!" Akapiga saruji kwa kofi. "Nimegawa sufuria yangu nzuri kwa ajili ya maji ya sabuni!"

Na hapo akalia, akacheka, vyote kwa pamoja, na Nooroa akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Baadaye Nooroa aliirudisha mashine ukutani. Miguu yake ya mbele ilikuwa ya kuzungushwa, kumbe. Akaizungusha ikarefuka mpaka mashine ikasimama wima juu ya sakafu iliyoinama, akaibana kwa nati zake. Akaibonyeza pembe hii, akaibonyeza pembe ile, kama mtu anayepima meza ya chai. Haikuyumba. Akaiokota chupa, akailaza juu ya mashine, na kipovu kikakaa katikati. Wakaiwasha. Haikutembea hata unywele. Lakini ile du, du, du ilibaki tumboni mwake.

Nooroa alichungulia kiooni. "Nani kakwambia uifue peke yake?"

"Kwani ichanganywe na nini? Na chupi zako? Tivaevae haichanganywi na nguo za mwilini. Hata mama yako alijua."

"Ndiyo kosa letu sote kisiwani hapa. Kitu kimoja kizito kikilowa kinajivingirisha, kinakaa upande mmoja, kama mtu mnene kwenye ncha ya mtumbwi. Mtumbwi utatulia? Tia nyingine, kila upande upate mzigo wake. Heshima isivunjwe: tivaevae na tivaevae."

Alisema haraka, kisha akasikia alichosema. Pacha ya ile ya buluu ilikuwa chini ya zege. Na nyingine zote zilikuwa zimeshagawiwa. Katika nyumba ile ya mshonaji hapakuwa na tivaevae ya pili.

Akasubiri. Kwake yeye, kila kitu kilitegemea hapo: shemeji yake akisema "basi, inatosha hii moja", mashine itakuwa imepona lakini mwenyewe bado yuko njiani kumfuata mumewe.

Mama Tepaeru alisimama. Akaweka sawa kofia yake ya ukindu, akavuka ua.

Mama Kura alikuwa amekaa barazani kwake na tivaevae ya zambarau mabegani, kwenye joto lile.

"Kura. Nimekuja kuchukua tivaevae yangu."

"Ipi?"

"Hiyo inayokutoa jasho."

"Hii nilipewa."

"Ulipewa na mtu aliyekuwa anasafiri. Safari imevunjika."

Mama Kura alimwangalia muda mrefu. Midomo yake ilitaka kufanya jambo, akaikaza.

"Kutoa kitu halafu ukakirudia! Huoni haya?"

"Naona."

"Nitamwambia kila mtu kanisani."

"Waambie kwa sauti, walio nyuma hawasikii."

"Na ilikuwa inanuka dawa ya nondo! Sikutaka kusema!"

"Ndiyo naenda kuifua."

Mama Kura akageuka ukutani ili aikunje, na ilimchukua muda mrefu kuikunja, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu. Akaisukuma kifuani kwa mwenzake. "Chukua. Na uianike upande wa njiani, nikipita niione."

"Roho ikuume?"

"Iniume vizuri."

Basi zikaingia mbili, ya buluu na ya zambarau. Mashine ikajaa maji, ikageuza, ikasuuza, na ilipofika pale pa kukamua, Nooroa alitanua miguu kama mlinda lango. Ikazunguka. Ikapanda. Na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, ya mviringo, sauti ya mama anayembembeleza mtoto ambaye ameshalala. Sindano aliyoiacha Mama Tepaeru juu ya bati la mashine haikudondoka.

Maji yakatoka kwenye mpira, yakaifuata njia yake ya zamani juu ya saruji, yakapita kando ya miguu ya Mama Tepaeru bila kuigusa, yakashuka kwenye tiare.

"Hizo bolti usizitupe," Nooroa alisema, anakusanya spana zake. "Ikija siku ya kuihamisha, zitahitajika tena."

"Nimesikia. Nenda kwa mke wa mchungaji, umwambie naitaka sufuria yangu. Mwambie kwa adabu. Leo unakula hapa, majani ya magimbi kwa nazi."

Nooroa alipoondoka, Mama Tepaeru alishuka ngazi. Alizipanga zile bolti juu ya zege la kaburi, kando ya ua lililodondoka, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeweka vijiko mezani.

"Kaa nazo wewe, mzee," alisema. "Siku ya safari nitakuja kuzichukua. Sasa hivi nina nguo za kuanika."

Akarudi barazani, miguu mikavu.